Seva Yako Imeshindwa, Mume Wangu

Mume wangu Khalfani,

Assalaam alaikum huko Maskati. Huku Mchafukoge sisi wazima, na mbavu zinauma kwa kucheka.

Usinune: nimenunua laptop. Najua uliapa kwamba seva yako, lile dubwana kuukuu tunalohariria video za harusi, haina mpinzani. Basi tukazishindanisha. Video moja, mashine mbili, majirani wamejaa sebuleni kama wanaangalia mpira. Fundi Abdulkadiri akashika upande wako: "Seva ina prosesa mbili! Hako kalaptop katatoa moshi!"

Chai haijapoa, laptop imemaliza. Seva yako inanguruma, hata nusu haijafika. Abdulkadiri akasalimu amri: prosesa zako, yaani bongo za mashine, ni mbili, lakini za zamani, zinajikokota, hii ya laptop ni moja, ndogo, ila ina mbio na haili umeme mwingi.

Tukaizima seva. Kesho yake Violeth wa ghorofa ya chini akapanda amefura. Unga wake wa maandazi, anaouweka nyuma ya seva upate joto, umegoma kuumuka! Kwa hiyo seva haiuzwi ng'o. Tunaiwasha kwa ajili ya maandazi tu.

Ila siku ile ilipozimwa, nyumba ilinyamaza. Kumbe mngurumo ule ndio ulionifanya nisisikie kwamba hupo.

Laptop haina kelele hata kidogo, Khalfani. Rudi uzilete mwenyewe.

Waridi wako