Kasha la Kubeba kwa Mkono Mmoja

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu Waya,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na hilo duka la kompyuta kuukuu bado halijakumaliza. Mimi mzima. Mama anaendelea vilevile: upande wa kushoto umelala, upande wa kulia umenuna, na ulimi unakwenda polepole lakini haukosei. Anauliza kama unakula.

Usishangae kuona barua wakati simu zipo. Chumba chetu unakijua. Nikiongea na simu, mama anasikia mpaka pumzi ya mtu wa upande wa pili. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana, anajua nani ananong'ona kwenye kitanda kipi. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu, masikio kikamwachia. Kwa hiyo nitaandika, na dereva wa basi atakuwa anatubebea, kama anavyoleta dawa unazotuma.

Haja yangu ni kompyuta. Tangu niache ofisi nije kumuuguza mama, sijachora ramani ya nyumba hata moja. Sijachora hata choo. Vidole vinaanza kusahau. Laptopu yenye nguvu ya kuendesha programu za kuchorea siiwezi, hata nikiuza kitanda ninacholalia. Wewe husema kompyuta ya kuunga mwenyewe ni nafuu. Basi nifundishe, maana nasikia vifaa vyake vina maringo, hiki hakikai na kile, kama mawifi.

Sharti langu ni moja tu. Iwe ndogo, kasha ninaloweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Dada yako

*

Dukani, 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, na bahasha ilikuwa inanuka dawa ya kuchua, nikajua imetoka nyumbani kweli. Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia meza. Mwambie mama nakula.

Sasa sikiliza somo. Kazi ndiyo inayochagua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kwa kuchora unahitaji prosesa ya maana, wala si ya kuchezea karata. Prosesa nayo inachagua bodi kuu, kwa sababu soketi yake, pale prosesa inapokaa, lazima iwe ileile. Ukikosea soketi usilazimishe, utapinda miguu yake na utalia. Bodi kuu inachagua memori, maana memori za kizazi kimoja haziingii kwenye nafasi za kizazi kingine, hata kwa maombi. Halafu pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Hapo ndipo watu wanapobania pesa, nayo inalipuka na kuondoka na wenzake wote. Bure ghali, dada. Ubanie kwenye kasha, usibanie hapo.

Kuhusu udogo, nakushauri uache. Bodi ndogo bei yake inauma, kasha dogo linapata joto, na ukitaka kuongeza kitu kesho, nafasi hakuna. Kasha ni nguo tu, la muhimu ni mwili. Makubwa ni rahisi na yapo tele. Kwani unaipeleka wapi?

Mdogo wako,
Waya

*

Nyumbani, 23 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Asante kwa somo, nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Sisi hatujambo. Mama wiki hii ameweza kushika kikombe mwenyewe, kisha akamwaga chai makusudi kwa sababu haikuwa na sukari ya kutosha.

Lakini hapo kwenye kasha umepotea. Kasha si nguo, kasha ni kiwanja. Hakuna fundi anayenunua makochi kabla ya kujua ukubwa wa sebule. Bodi ndogo inaingia kasha dogo na inaingia kubwa pia. Bodi kubwa haiingii kasha dogo, utake usitake. Sasa nani kati ya hao wawili ana uhuru? Nimekuchorea ramani, utaikuta ndani. Prosesa nimeiweka sebuleni katikati, feni dirishani, pawa saplai nimeipa jiko kwa sababu ya joto. Vipimo nimevitoa kwenye picha ulizonitumia mwaka jana. Kila kitu kinaingia, na mpini juu.

Umeuliza naipeleka wapi. Nakujibu bila kuzunguka. Mhandisi niliyekuwa nafanya kazi kwake amepata mradi wa nyumba za wafanyakazi. Wachoraji watakaa kambini na kuhama na mradi, mji hadi mji. Ofisi haitoi mashine. Anayekuja na yake anapata nafasi, na nafasi yangu ameniwekea mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo anampa mwingine.

Nataka wewe uje ukae na mama mpaka mwaka uishe. Najua wewe mwanamume utawaza habari ya kumwogesha. Jirani wa nyuma amekubali kuja asubuhi na jioni kwa kazi hiyo, nitamlipa kutoka kwenye mshahara wangu. Wewe utapika, utampa dawa, utamgeuza, utakuwepo.

Waya, nakwama. Mlango wa chumba hiki unafunguka kwa ndani na kugonga kitanda cha mama. Kiti chake cha magurudumu lazima nikikunje kwanza ndipo nipite. Aliyechora chumba hiki angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia karatasi. Kuna siku nasimama katikati, kati ya kitanda na ukuta, na sijui nigeukie wapi, kwa sababu kila upande kuna kitu kinachonisubiri. Nampenda mama. Lakini nikikaa hapa mwaka mwingine, sitakuwa mtu wa kumsaidia yeyote.

Nunua bodi ndogo. Pesa nimempa dereva.

Dada yako

*

Dukani, 20 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Kazi zilibanana mno. Natumaini mama anaendelea vizuri, na wewe pia.

Habari njema. Mzigo uliokuja na barua hii ni kompyuta yako. Kuna mteja alihama ghafla akaacha vifaa vyake, vyote vya kuaminika, kwa bei ambayo hutaiamini hata nikuapie. Prosesa ni bora kuliko ile tuliyoitaja. Memori umepata mara mbili. Diski ni ya kasi, programu ya kuchorea itafunguka kabla hujakaa vizuri. Kwa bei hiyo bodi ilikuwa ile kubwa, na kasha likafuata. Ni zito kidogo. Mwambie dereva akusaidie kulishusha, halafu likishakaa pembeni ya kitanda cha mama, pale palipokuwa na kabati dogo, halitakuwa na haja ya kusogezwa.

Maelekezo ya kuunganisha nimeyaandika nyuma ya boksi la memori. Shika chuma kwanza kabla hujagusa bodi, umeme wa mwilini unaua vifaa kimyakimya.

Nimeongea pia na Baba Mdogo. Amefurahi sana. Anasema sasa una ofisi yako nyumbani, na watu watakuletea ramani humohumo ndani. Ni wazo zuri, si ndiyo? Yale mambo mengine tutayaongea baadaye, nikipata nafasi.

Mdogo wako anayekujali,
Waya

*

Nyumbani, 29 Machi

Waya,

Salamu. Mama hajambo, mimi nipo.

Kompyuta nimeiunga. Niliianza mama alipolala mchana, nikashika chuma kama ulivyosema, nikaweka prosesa kwenye soketi yake, ikakaa yenyewe bila kusukumwa. Memori zikalia tap. Nikabonyeza swichi na ikawaka mara ya kwanza. Ningefurahi kama isingewaka. Ningesema vifaa vimegombana, nikurudishie, nipate pa kuanzia ugomvi.

Kabati dogo limehamia juu ya sanduku langu la nguo. Ili nifungue sanduku inabidi nishushe kabati, na ili nishushe kabati inabidi nikunje kiti cha mama, na mama awe hayumo. Kwa hiyo nguo zangu sasa ziko kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango. Nilijaribu kulinyanyua kasha lako. Nilifika nalo kizingitini.

Baba Mdogo alikuja kuliona. Alisimama nje kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Akanivisha kilemba cha ukoka: binti wa mfano, Mungu atanilipa, na nina bahati nimepata kazi isiyonitoa kwa mama yangu. Akaenda zake. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikaona sura yangu humo, na nikajua kwamba hakuna mtu atakayekuja kunipokea tena, kwa sababu sasa hakuna anayeona haja. Kabla ya mashine hii nilikuwa mtu aliyeacha kazi yake kwa muda. Sasa nimepewa kazi ya kukaa.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ramani yangu uliiona. Ulijua mpini ule ni wa nini. Ulitafuta kasha ambalo siwezi kulitoa mlangoni.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nakuuliza swali moja, nijibu kwa neno moja. Utakuja?

Dada yako

*

Dukani, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Siji. Hilo ndilo neno lako, na sasa nakuongezea mengine hata kama hukuyaomba. Bei ilikuwa ya kweli na mteja alikuwa wa kweli. Lakini bodi ndogo ilikuwepo pia, rafu ya juu, na pesa zako zingetosha. Niliishika mkononi. Nikawaza ukiondoka nayo, simu inayofuata itakuja kwangu. Nikairudisha rafuni.

Naogopa, dada. Mwenye duka akiona meza yangu tupu wiki moja ataweka mtu mwingine. Sijui kumgeuza mama. Mara ya mwisho nilipokuja nilimshika vibaya akaguna, na wewe ukatabasamu ukanisogeza pembeni, nikashukuru moyoni kwamba upo. Mimi si mtu wa chumba cha mgonjwa.

Kwani huwezi kuwachorea watu hapohapo? Kompyuta ile ni nzuri. Imetengenezwa kukaa mahali pamoja na kufanya kazi vizuri.

Nisamehe ukiweza.
Mdogo wako

*

Nyumbani, 26 Aprili

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Naitikia, kwani wewe ni wangu hata ukinikera. Hujambo? Mgongo wako?

Mama anajua kila kitu. Kwenye simu sikusema neno, lakini barua zako nilikuwa nazisoma kwa midomo nikidhani amelala. Matroni halali. Juzi nilipokuwa namgeuza akasema, polepole, kama unavyomjua: "Waya anasema haji." Nikakaa kitandani kwake. Nikamwomba radhi. Akaniambia hivi: "Nimefunga milango ya watoto wa watu maisha yangu yote, kwa sababu wazazi wao walinilipa. Wewe nani amenilipa nikufungie?"

Nikalia, naye akaniacha nilie. Kisha akasema amechoka kulishwa na mtu anayetazama dirishani. Anasema uji unapoa na mimi bado nimeshika kijiko hewani. Sikujua kwamba nafanya hivyo.

Kwa hiyo naondoka. Mhandisi ana kasha dogo kambini, lenye bodi na pawa saplai nzima, mtu alinyofoa prosesa na memori akaenda nazo. Nimemwuliza aina ya soketi, nikamwambia asome tena, kisha apige picha. Ni ileile. Memori nazo ni za kizazi kilekile. Prosesa yako, memori na diski nimevichomoa, nimevifunga kwenye kitambaa na kuviweka kwenye mkoba wa begani. Havina uzito wowote. Kasha, bodi kubwa na pawa saplai nimekuachia. Vinakaa vizuri nyumbani, ulisema mwenyewe.

Jirani atalala na mama mpaka ufike. Amesema hatazidisha wiki moja, ana wajukuu. Ninajua unaweza usije, na nimelipima hilo kama ninavyopima ukuta. Lakini mama ana watoto wawili. Fundi wa kompyuta hashindwi na simu, na simu hutengenezwa popote palipo na meza. Leta vifaa vyako, watu wa mtaa huu wana simu zilizopasuka mpaka aibu.

Ukimgeuza, weka mkono wako chini ya bega, usimvute mkono. Akiguna, endelea. Anaguna kwa kila mtu.

Dada yako

*

Nyumbani, 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko kambini, mhandisi amenitajia mji mliopo sasa. Natumaini hujambo, na kwamba kasha dogo limewaka. Kama halijawaka angalia memori, zikandamize pande zote mbili.

Unaona nilipoandikia.

Nilifika siku ya mwisho ya jirani. Alikuwa amesimama getini na mkoba wake tayari, hakuniuliza hata habari za safari. Mama aliponiona akacheka, dada, akacheka mpaka nikamshika asianguke. Akasema, "Kumbe basi linafika mpaka huku."

Mwenye duka ameweka mtu mwingine. Nimepata wateja wawili wa simu, na meza yangu ni lile kasha kubwa, nimelilaza chini na kutandika gazeti juu. Mlango unagonga kitanda. Nilidhani ulikuwa unatia chumvi. Jana mvua ilinyesha, geti likalia, nikasimama haraka nikidhani ni wewe umerudi, na nikabaki nimesimama kati ya kitanda na ukuta kama ulivyoandika. Sikujua chumba kinaweza kumkaba mtu hivi huku dirisha liko wazi. Nilitaka kutoka nikanunue vocha tu, nikakumbuka siwezi mpaka jirani aje jioni. Wewe ulikaa humu muda wote ule na mimi nilikuwa nakutumia dawa nikidhani nimetimiza.

Kumgeuza nimejifunza. Anaguna, naendelea.

Nakuomba kitu kimoja, niambie ukweli. Utarudi lini? Mwaka ukiisha, au kabla? Nikijua tarehe nitaweza.

Barua hii nimeisoma kwa midomo, na unajua nani amesikia. Nilipofika kwenye tarehe, mama akanizuia kwa mkono wake mzima. Ameniamuru niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze: "Mwambie binti yangu asiwe na haraka ya kujibu."

Mdogo wako,
Waya