Mawe Niliyoyanyamazia

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Athumani,

Shikamoo. Marahaba yako itoe sasa hivi, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukaona sistahili tena. Mama hajambo? Mguu wake umepungua kuvimba? Watoto je, na mikorosho imechanua vizuri au mvua imeiharibu tena mwaka huu? Mimi mwili mzima, nakula na kulala. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii nataka nifike mwisho.

Wiki iliyopita ulinipigia ukaniambia habari za shemeji yetu Hamisi, mdogo wa mkeo, kwamba tangu arudi huko hagusi kitu. Mtu aliyekuwa fundi wa kupandikiza mikorosho kijiji kizima, leo ukimpa mche anauweka chini, anasema utakauka, mkono wake una nuksi. Ukasema mkeo amempeleka kuzinguliwa mara mbili. Yule mganga mmempa kuku wenu bure, kaka. Nilikujibu pole, nikasingizia kuna mteja, nikakata simu. Hakukuwa na mteja.

Wewe unajua kwamba niko kwa Bi Thuwaiba, yule mjane mwenye duka la vitambaa, anayeishi ghorofa ya tatu juu ya duka lake. Usichokijua ni kwamba kilichoniweka hapa miaka tisa si vitambaa, ni samaki. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari, aliloachiwa na marehemu mumewe. Maji nayachota mimi kwa madumu na kuyapandisha ngazi. Umeme ukikatika, kabla sijatafuta hata tochi nakimbilia jenereta, maana pampu ikisimama sana samaki wanakosa pumzi.

Aliponiajiri aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Kilwa. Akasema basi samaki unawajua, na mimi kwa kiherehere changu nikasema nawajua sana. Kaka, samaki niliyemjua mimi ni wa mchuzi. Wa kwanza kuletwa nilimmimina tangini moja kwa moja pamoja na maji yake, nikiamini bahari ni bahari. Adhuhuri haikumkuta. Bi Thuwaiba hakunigombeza. Alimkaanga, akamweka juu ya sahani ya wali, akavuta kiti na kunitazama mpaka nikamaliza kula. Huyo ndiye mwanamke ninayemfanyia kazi.

Basi nikajifunza. Samaki mgeni anakuja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Unazima taa za tangi, unauacha mfuko uelee juu ya maji robo saa hivi ili joto lilingane. Kisha unaufungua, unachota kikombe cha kahawa cha maji ya tangi, unakitia mfukoni, unangoja. Kikombe kingine, unangoja. Maji ya tangi hupungua kwa kukauka na chumvi inabaki, kwa hiyo yanakuwa makali kuliko ya kule alikotoka, na mwili wake unataka kuyazoea taratibu. Mfuko ukijaa unamwaga nusu kwenye ndoo, unaanza upya. Mwisho unamtoa samaki peke yake, maji ya mfuko hayaingii tangini hata tone. Ni kazi ya saa mbili au tatu, na ukiwa na haraka nenda kauze karanga.

Hayo yote nilimfundisha Hamisi. Ulipomleta kwangu mwaka jana nilimtafutia kazi ya kubeba majora dukani, na nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini unamjua shemeji yako, mpole, mtaratibu, mkono wake kama wa mkunga. Haukupita muda Bi Thuwaiba akawa anamwita juu kila saa. Hamisi njoo unitazamie pampu. Hamisi njoo unisafishie kioo. Siku moja akaniita mimi, akaniambia magoti yangu yanalia ngazini mpaka yeye anayasikia. Anataka mtu mmoja tu huku juu. Ataleta kitatange, yule samaki wa mistari ya njano na myeusi, na Hamisi ndiye atakayemwingiza. Samaki akiishi, Hamisi anabaki juu na mimi nahamia stoo ya Jangwani, kule ambako mvua ikikolea mnabeba mizigo maji yakiwa kiunoni. Alisema huku anakunywa chai, na mimi nimesimama.

Sasa sikiliza, kaka. Tangini kuna samaki mmoja wa buluu aitwaye kangaja, mwenye kitu kama kiwembe kwenye shina la mkia. Ni mkongwe kuliko mimi humo ndani. Mgeni njoo mwenyeji apone, hilo yeye hajalisikia. Kila jiwe ni lake, na anayeingia anachanwa mpaka afe. Nilizika samaki wanne kabla ya kugundua dawa, na dawa yenyewe hakunifundisha mtu. Dakika chache kabla ya kumtia mgeni, unahamisha mawe yote. La kulia linakwenda kushoto, pango lake unalibomoa. Kangaja anajikuta katika nyumba asiyoijua, naye anakuwa mgeni kama mwenzake, na akihangaika kutafuta pa kulala hana nafasi ya ugomvi.

Hilo la mawe sikumwambia Hamisi.

Sikumdanganya neno. Aliniuliza kama kuna kingine, nikamwambia ndiyo hayo tu, Mungu akusaidie. Alifunga saumu siku ile, kaka. Alikaa na kikombe chake saa tatu, Bi Thuwaiba kitini anamtazama, na kila alichofanya alikifanya vizuri kunishinda. Kitatange aliingia mzima, anang'aa. Siku ya kwanza mapezi yakachanika. Siku ya pili akajibana nyuma ya bomba la pampu. Hamisi alikuwa hatoki pale kiooni, anamnong'oneza ale. Mimi nilikuwa napita na ufagio wangu naangalia, na sikufichi, nilifurahi. Nilikuwa naona aibu na furaha kwa pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi. Bado ningeweza kuzamisha mkono nikahamisha mawe. Siku ya tatu alikufa.

Bi Thuwaiba alikuwa na wageni, mashoga zake wawili. Alimwita Hamisi mbele yao, akamwambia amtoe kwa mkono, akamfanya asimame na yule samaki kiganjani mpaka wageni walipomaliza chai. Akamuuliza kama kiumbe cha ukubwa wa kidole kimemshinda, nyumba yake mwenyewe ataiweza vipi. Jioni hiyohiyo akamwambia afungashe.

Nilimsindikiza kituoni mimi. Kabla ya kupanda basi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka Bakari, wewe umenifundisha yote, usijilaumu. Mkono wangu ndio mbaya."

Nikamwambia asijali, riziki ni mafungu. Yaani nikamwachia aende nalo hilo neno mpaka Kilwa, na ndilo hilo mnalolizingua sasa.

Juzi kaletwa kitatange mwingine. Siku ya samaki mgeni Bi Thuwaiba habanduki kitini, na ile siku ya Hamisi alikuwa ameona kila kitu. Nikabaki na mfuko mkononi. Nisipohamisha mawe, samaki atakufa, na safari hii ni wangu. Nikiyahamisha, atauliza. Ningependa kukuambia nilimkumbuka Hamisi na miche yake. Nilikumbuka ile sahani ya wali. Nikakunja mikono ya shati, nikaanza kuhamisha mawe.

"Unafanya nini?"

"Nahamisha mawe, ili yule mkubwa asimwonee mgeni."

"Hamisi hakuhamisha."

"Hakuhamisha."

"Ulimwambia?"

Maji yalikuwa yananichuruzika kwenye viwiko na nikaendelea kupanga mawe. Akaniambia nimalizie kazi, samaki anangoja. Akaswali magharibi kwanza. Ndipo akaniita, akasema kwa sauti ileile ya chai: mwite Hamisi. Utamfundisha mpaka la mwisho. Akishajua, wewe rudi kwenu, Jangwani sikutaki. Na sababu waandikie wewe mwenyewe, nitampigia dada yake nimuulize kama imefika.

Ndiyo hii, imefika. Usidhani nimetubu ghafla. Nisingeshikwa, huenda ningekuacha uendelee kuchinja kuku. Lakini tangu nianze kuandika nimesimama mara tatu kwa kuona haya, na hilo nalo ulijue. Kitatange wa pili ni mzima, anakula vizuri.

Msomee Hamisi maneno haya, usimfupishie. Mwambie mkono wake hauna nuksi, nuksi ilikuwa kwangu. Asipotaka kuja nitamwelewa, ila mwombe aje, kazi ni nzuri na magoti yake bado mapya.

Msalimie sana mama, mwambie dawa ya mguu naja nayo, mengine usimwambie mpaka nifike. Msalimie mjomba wetu wa msikitini na shangazi wa upande wa baba, pamoja na wanao wote. Mkeo sijui nimpe salamu gani. Yule ni mdogo wake wa pekee, na aliniamini mimi.

Hamisi akija, kazi ya kumfundisha ni ya siku moja tu, nimebakiza jambo moja. Baada ya hapo nitapanda basi la Kusini. Ongea na mkeo, kisha unitumie ujumbe kabla basi halijafika Nangurukuru, njia panda ya kwetu Kilwa, nijue kama nishuke au nipitilize.

Mdogo wako,
Bakari