Chumvi ya Brigita

Jumatatu, 6 Februari 1995
Nimefungua kliniki saa mbili kasoro. Nimepangusa sanduku la kioo la samaki, nimewapa uduvi. Wote watano wamekula. Wanjala kwanza, mlafi yule. Nafula, kale kadogo ka samawati, kamesubiri wenzake washibe ndipo kakatoka kwenye jiwe. Samaki wapole, hawafukuzani. Miaka minne nawalisha mimi. Samaki wa bahari hapa Kakamega! Wagonjwa wanasahaunga sindano wakiwatazama.
Nesi mpya ameripoti. Brigita. Anacheka na kila mtu.

Alhamisi, 9 Februari
Daktari amempa Brigita kazi ya samaki. Eti kwa sababu amekulia Mombasa. Mwenyewe anasema huko samaki alikuwa anawaona kwenye kikaango tu. Mimi nibaki na mafaili. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasemanga. Mimi nimeugua.

Jumatano, 15 Februari
Nafula amekula mkononi mwa Brigita. Mkononi, na wiki haijaisha. Kwangu hajawahi. Nimejifungia chooni nikalia. Mama wa watoto watatu, nalilia samaki. Wivu unanila na sioni haya kuuandika.

Ijumaa, 17 Februari
Nimeona kosa lake. Maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki. Unaongeza maji ya mvua matupu, basi. Yeye anakoroga chumvi kila asubuhi, anajaza mpaka kwenye alama. Kila siku chumvi inazidi. Nilifungua mdomo nimwambie. Daktari akapita, akamsifu mbele ya wagonjwa. Nikaufunga.

Jumanne, 21 Februari
Wanapumua mbio mbio. Wanjala amekataa chakula. Wanjala! Brigita ameniuliza, dada Rosa, hawa wana nini? Nikamwambia labda ni baridi. Baridi gani, na jua hili la Februari. Nina roho mbaya. Najua.

Alhamisi, 23 Februari
Nafula amekufa. Nimemkuta ubavu juu, rangi imemtoka. Nimekimbilia tangi la mvua na ndoo. Nimepunguza yale ya chumvi, nikaongeza matamu kidogo kidogo, mpaka saa nane mchana. Wanne wametulia. Brigita amelia sana. Amemwambia Daktari kosa ni lake peke yake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo.
Daktari amenirudishia samaki.

Jumapili, 26 Februari
Nimetoka kanisani nikamkuta Brigita mlangoni kwangu. Amekuja kutoka kwao Butali na ingokho, kuku tembe mzuri, wa kunishukuru kwa kuwaokoa waliobaki. Hakukaa hata kwa chai.
Watoto wanauliza tunamchinja saa ngapi. Nimewaambia hachinjwi. Yuko jikoni, amefungwa mguu, nimemwekea mahindi na maji. Leo tumekula obusuma, ugali wetu, na mboga.
Kesho nitambeba mpaka kliniki nimrudishie mwenyewe, na nimwambie nilijua tangu Ijumaa ile.