Nambari Niliyomsomea Shangazi

Mtaa wa Al-Malaz,
Riyadh.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa kaka Nehemiah,

Leo hatuna shule, na nimejiapiza kwamba sitainuka kwenye meza hii kabla sijakueleza yote, pamoja na yale yanayonitia aibu. Tafadhali usiikunje barua hii ukiwa umefika katikati.

Kwanza nakusalimu. Hujambo, kaka? Kifundo cha mguu kinaendeleaje? Mimi na Baba tuliutazama ule mchezo Jumapili asubuhi. Tuliona ulivyotua vibaya chini ya kikapu na wenzako wakakutoa uwanjani wakikushika makwapani. Viungo ndiyo kazi ya Baba hospitalini, naye alisema kwamba kwa jinsi ulivyokanyaga baadaye, mfupa haukuvunjika. Natumaini hakusema hivyo ili kunituliza tu. Je, unalala bila maumivu? Baridi ya huko imeshaanza?

Sisi hatujambo. Mama yuko zamu ya mchana. Ian ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mimi sasa niko darasa la tisa. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, lakini Baba bado ananitaka niandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kila Ijumaa, naye huusahihisha kwa kalamu ya kijani. Ukurasa wa leo nimemwomba asiusome, naye amekubali.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa nambari zetu zote umezifungia, na sikulaumu. Bwana Protas, anayefanya kazi na Baba, anasafiri keshokutwa kwenda kwenye mkutano katika mji wa chuo chako. Ameahidi kukupa barua hii mkononi. Atarudi Riyadh Alhamisi tarehe 27.

Sasa nianze na kosa langu.

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa nikitafuta jina lako mtandaoni, kama nifanyavyo mara nyingi, nikakuta orodha ya wachezaji nyota wa mpira wa kikapu wa vyuo huko Marekani. Mbele ya kila jina palikuwa na kiasi cha pesa ambazo mchezaji anaweza kupata kwa matangazo ya biashara: viatu, vinywaji, simu, magari. Mbele ya jina lako paliandikwa dola laki sita. Sikumngoja Baba arudi. Nilimpigia shangazi, mama yako, papo hapo.

Alikuwa jikoni kwa madam wake, Al-Hamra kule Jeddah, akiosha vyombo vya chakula cha mchana. Nilimwambia, "Shangazi, Nehemiah analipwa dola laki sita." Akaniuliza hizo ni riyali ngapi. Nikamwambia ni milioni mbili na robo. Nilisikia bomba likifungwa. Akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia mara mbili, kaka, kwa sauti ya juu, kwa sababu nilifurahi kuwa wa kwanza kumletea habari.

Wiki hiyohiyo alimwambia madam kwamba mkataba wake ukiisha mwezi wa kumi na mbili hatauongeza. Miaka kumi na moja imetosha, anakwenda nyumbani kupumzika kwa mwanawe. Aliwaambia pia wanawake wa chama chake, wale wanaokutana Aziziya siku za Ijumaa. Kutoka Aziziya habari ilifika kijijini kwetu Wamunyu kabla ya Jumatatu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Huyu anataka gari, yule anataka karo, kanisa linataka mabati. Nawe ukaandika sentensi moja tu katika kikundi cha ukoo: "Mama, sina hela." Hakuna aliyekuamini, kwa sababu nambari niliyoisoma ilikuwa imeshatangulia.

Ndipo shangazi akatuma ule ujumbe wa sauti. Niliusikia pamoja na wewe na ukoo mzima. Alisema, "Halas. Mimi mafi mtoto. Maziwa niliyokunyonyesha yakudai." Mama alizima simu na kutuambia mimi na Ian twende chumbani. Ian aliniuliza mafi ni nini, nikamwambia ni Kiarabu cha jikoni: halas ni basi, na mafi ni hakuna. Akauliza, "Hakuna mtoto gani?" Asubuhi yake ukawa umetoka kwenye kikundi.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa uchumi alitutaka tuandike ripoti juu ya kazi na malipo. Nilichagua wanamichezo wa vyuo, kwa kiburi, nikikufikiria wewe. Nilisoma kwamba tangu mwaka 2021 wanafunzi hao wanaruhusiwa kulipwa kwa jina lao na picha zao. Nilisoma pia jinsi orodha kama ile inavyotengenezwa. Wanahesabu pointi ulizofunga na watu wanaokufuatilia mtandaoni, kisha wanakadiria kile ambacho kampuni zingeweza kukupa. Hawajui ulichopewa. Ni makadirio tu, kama mtu anayesimama nje ya shamba la wenyewe na kusema litatoa magunia kadhaa.

Kisha nikafika kwenye ukurasa unaohusu wanafunzi wa kigeni. Kaka, niliusoma mara tatu. Ukurasa huo ulisema kwamba aliye na viza ya mwanafunzi hapaswi kufanya kazi ya matangazo akiwa ndani ya Marekani, na akipokea pesa hizo anaweza kupoteza viza na masomo pamoja. Wachezaji wawili wanaweza kusimama uwanjani bega kwa bega, mmoja akawa na mkataba wa viatu na mwingine akabaki na chakula cha chuo na kitanda. Ndipo nilipoelewa kwamba ulisema kweli neno kwa neno.

Nilimwonyesha Baba. Alivua miwani, halafu akampigia dada yake kumweleza. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu. "Titus," alisema shangazi, "wewe unamtetea kwa sababu amekwishakupa fungu lako." Baba hajampigia tena.

Kwa hiyo nilitaka kumweleza mimi mwenyewe, uso kwa uso. Nafasi ilikuja wiki mbili zilizopita, Baba alipokuwa na mafunzo ya siku tatu Jeddah akatuchukua sote. Siku ya Ijumaa madam aliniruhusu nikae na shangazi katika chumba cha kufulia. Ni mtu mpole. Alinipa tende na kuniuliza habari za shule.

Shangazi alikuwa akikunja nguo. Rafiki yake Valentine, anayefanya kazi Aziziya, alikuwa amekuja kumtembelea, amekaa juu ya kapu lililogeuzwa, anamtania. "Mama wa tajiri, bado unakunja soksi za watu? Yalla, mwanao akuletee mashine ya kukunja."

Shangazi akamjibu, "Nakunja hizi za mwisho. Za kwako utakunja mpaka meno yaishe."

"Mimi yaishe tu, mradi mwanangu ananipigia simu," akasema Valentine.

Nadhani Valentine mwenyewe alijuta, maana aliinuka akaanza kumsaidia kukunja taulo. Joto lilikuwa kali, na shangazi alipofungua vifungo vya abaya, joho lake jeusi, niliona chini yake amevaa jezi. Ni jezi yako, kaka, nambari kumi na nne, imeandikwa WAMBUA mgongoni, jina la babu yetu, baba yake. Aliiagiza mtandaoni mwezi wa tisa, kabla ya kukasirika, na nusura imle theluthi ya mshahara wa mwezi. Alidhani akinunua anakuongezea. Ulishasema huna hela, kwa hiyo najua hata jezi ile haikukuletea kitu, na ile pesa aliyoitolea jasho ilikwenda kwa watu asiowajua. Hilo sikuweza kumwambia.

Mengine nilimwambia yote. Nilimweleza orodha, makadirio na viza, na nikasema, "Kosa ni langu, shangazi. Mimi ndiye niliyekusomea vibaya." Aliendelea kukunja. Nilipomaliza alilaza mkono juu ya lile rundo la nguo akasema polepole, nami nimeyashika maneno yake kama yalivyo:

"Jael, kama hana kitu, basi nimemlaani bure. Bora awe nacho."

Kisha akaniambia nimpe pini za kuanikia.

Nimefikiri juu ya maneno hayo kila siku tangu siku ile. Zamani nilidhani shangazi hatuamini mimi na Baba kwa sababu hajui Kiingereza cha zile kurasa. Sasa naona anajua kabisa, ila hawezi kuubeba ukweli huo. Mtoto mnyimi anaweza kumlaumu hadi uzeeni. Lakini mtoto aliyemwambia kweli, yeye mama akamtupia maziwa yake mbele ya ukoo, huyo atamfanyaje? Kwa hiyo anashikilia zile dola laki sita. Madam amesema anamngoja hadi mwisho wa mwezi huu, na asipobadili nia bosi, mume wa madam, ataomba karatasi zake za kuondoka moja kwa moja na kumleta mfanyakazi mwingine. Shangazi anasema aondoke tu. Anakwenda wapi, kaka? Nyumba ya Wamunyu bado haina paa upande wa nyuma, na mifuko aliyoanza kuifunga nimeiona, ni miwili tu.

Valentine huniandikia siku hizi. Ameniambia kwamba ulipoumia, shangazi aliona ile picha kwenye simu ya mtu akakaa chini sakafuni. Siku mbili hakula. Shangazi na nyanya yetu wanaamini ni yale maneno ya maziwa yaliyokuangusha. Mimi naamini Baba, kwamba ni sakafu na uzito wa mwili, lakini siwezi kubishana na mtu anayelia.

Nyanya anasema maneno kama yale hayafutwi kwa simu. Lazima mama mwenyewe amtemee mtoto mate ya baraka kifuani, kama tulivyofanyiwa sote utotoni, ndipo yaondoke. Nawe uko mbali, na ukitoka huko sasa hivi hujui kama utaruhusiwa kurudi.

Sasa nikuambie jambo moja ambalo Valentine alinikataza kulisema. Jumatano alifika Al-Hamra asubuhi, kuleta kitu alichotumwa na madam wake, akakuta mlango wa chumba cha shangazi haujafungwa vizuri. Jezi yako ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake, viganja wazi, akiitemea mate ya baraka, taratibu, hapo kifuani penye kumi na nne. Kisha akaipangusa kwa kitambaa, akaivaa, akavaa abaya juu yake, akaenda kupika chai ya watu. Valentine anasema hufanya hivyo kila siku kabla ya madam kuamka.

Sikuandikii haya ili nikulazimishe. Ulidhulumiwa mbele za watu, na chanzo ni mimi. Nakuomba radhi kwa moyo wangu wote. Ningalimngoja Baba arudi jioni ile, leo ungekuwa unaongea na mama yako kama zamani.

Nilisoma pia kwamba wachezaji wengine wa kigeni hungoja wamalize chuo, na wengine hufanya matangazo yao wakiwa nje ya Marekani, kwa ushauri wa mawakili. Sitamwambia shangazi hilo. Nimejifunza kutowasomea watu habari nusu. Lakini mimi mwenyewe naliweka moyoni, kwamba huenda siku moja ukaja kufanya tangazo huku, hata la tende, nasi tutakuja kukutazama.

Baba anakusalimu sana, na anasema kifundo ukifunge na ukiinue juu ya mto ukilala. Mama anakusalimu. Ian anasema umtumie picha ya kiatu chako karibu na mkono wako ili aone ukubwa. Nyanya amepona kikohozi, na anakutaja katika sala zake za asubuhi na za jioni. Msalimie mwenzako wa chumbani, ingawa simjui. Mungu akuimarishie mguu, akulinde barabarani na uwanjani, na asiruhusu umbali huu ugeuke mazoea.

Bwana Protas atangojea jibu lako. Tarehe 27 akifika tutakuwa na siku tatu kabla mwezi haujaisha, nami nitampigia shangazi jioni hiyohiyo. Suala la pesa nitalirudia mimi, hata akinifokea, kwa sababu nililianzisha mimi. Lakini najua ataniuliza swali moja, na hilo sina haki ya kulijibu kwa niaba yako. Nadhani akilisikia jibu ataweza kuamini kwamba huna kitu, na ataifungua ile mifuko. Andika hata neno moja kwenye kipande cha karatasi, kaka: je, umemsamehe?

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Jael