Mkono Darini

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Mvua tena. Supu ya bitiruti, mkate wa jana. Tumekaa wanne kwenye meza ya watu thelathini na hakuna aliyefungua mdomo. Jirani yangu Zyta angekuwa hai, angeongea!

Mama Mkuu Benigna katangaza: anakuja Bwana Gracjan, fundi wa picha za kale. Vyumba vyetu vya juu vilikatwa kutoka ukumbi wa dansi wa Hrabia, yule mwinyi aliyejenga nyumba hii, na dari yake ilichorwa. Picha ikiwa nzima, wakubwa wa Gracjan wataezeka paa upya, nasi tutabaki. La sivyo — Kraków, kwenye nyumba ya masista wazee. Lifti, manesi, korido ndefu. Sitaki! Nataka kufia hapa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bwana Gracjan kasimamisha ngazi chumbani mwangu. Mnene, ngazi inalia. Dari yangu ina mkono mmoja wa mwanamke, umekatwa na ukuta kwenye kiwiko.

Kauliza, mwenye mkono kaenda wapi, Sista, kaenda kunywa chai? Nikamwambia yuko chumba cha pili, kwa marehemu Zyta. Anacheka, ana kapu la matunda ya cheri, na mbwa mweupe anamvuta gauni. Bwana Gracjan kafurahi mno.

Sikumwambia kwamba sijawahi kumwona. Chumbani mwa mwenzako huingii, ndiyo kanuni yetu. Lakini Zyta alinisimulia jikoni miaka yote, tukimenya viazi. "Leo mwanamke wangu kakununia, Salomea. Umeunguza uji tena." Kila siku habari mpya!

Jumapili, 13 Oktoba

Nimegonga ukuta baada ya sala ya jioni. Zamani Zyta alijibu mara mbili, ndipo nalala. Mwezi Machi alipelekwa hospitali ya Zamość, akarudi ndani ya jeneza. Chumba kikafungwa. Bado nagonga. Upweke huu unanimaliza.

Leo nimekumbuka siku tuliyofika, wasichana wawili. Kifua changu kilikuwa kibovu, nakohoa mpaka machozi. Zyta alinitangulia ngazini, akachungulia vyumba vyote viwili, akarukia cha kushoto. "Hiki changu! Kina picha nzuri. Wewe baki na mkono wako!" Mchoyo! Nilimnunia mwezi mzima. Hata uzeeni nilikuwa namtania kwa uchoyo ule, naye anacheka tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama Mkuu kaleta ufunguo. Anasema alipokuja kuchukua nguo za marehemu hakuinua macho, alikuwa analia.

Hakuna mwanamke. Hakuna kapu. Plasta yote ya dari ilishaanguka, zimebaki mbao tupu, nyeusi kwa maji. Ukungu umeshuka ukutani mpaka kichwani mwa kitanda. Nilisimama mlangoni kama mjinga.

Bwana Gracjan kagusa mbao kwa bisibisi, zikabonyea. Kasema hii ilianguka kabla ninyi hamjafika hapa. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na yule wa cheri, Sista?"

Muongo wewe, Zyta! Muongo mkubwa! Ulichungulia vyumba viwili, ukaona kipi kikavu, ukanisikia nakohoa. Umelala kwenye unyevu huu maisha yako yote, na mimi nakuita mchoyo.

Mama Mkuu kashuka kupiga simu Kraków. Bwana Gracjan anakunja ngazi, hanitazami. Nimeomba niachwe kidogo. Naandika nimekaa kwenye kitanda chake, godoro limeondolewa, chuma kinaniumiza.

Nimegonga ukuta kutoka upande huu, mara mbili. Kule kwangu kimya.

Mama Mkuu ananiita, watu wa Kraków wanataka kuongea na mimi kwenye simu. Naja, naja. Pale kwenye kona, juu ya dirisha, kuna doa la maji. Lina masikio, na kama ule si mkia wa mbwa, basi —