Dhahabu Iliyokwama Ulimini

Alhamisi, 2007. Mvua imeanza saa nane na bado inapiga mabati ya mtaa wetu wa Matisi. Mimi nimekaa hapa saiba, kwenye duka la intaneti, natabasamu peke yangu.

Leo nimepata dhahabu. Si ya kuvaa, ni ya kwenye kompyuta.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni mwalimu wa fizikia, nasomea shahada ya pili. Programu yangu inaiga nyota inayolipuka. Kiini cha chuma kinatakiwa kimeze nyutroni harakaharaka kabla hakijapata nafasi ya kuoza, kinenepe mpaka kiwe dhahabu. Changu kilikataa kunenepa. Wiki tatu nzima kimekaa pale pale kwenye chuma. Na Jumatatu nasimama mbele ya wasimamizi wa masomo yangu huko Bungoma. Bila matokeo, nafasi yangu anapewa mwingine.

Nililia, sitaficha.

Namba zote alizichapa Chebet, dada aliyetoka Cheptais anayefanya kazi hapa saiba. Mimi nilisoma kutoka daftarini, yeye akachapa mamia ya mistari bila kulalamika hata mara moja. Safu ya R ni kasi ya kumeza, safu ya L ni kasi ya kuoza. Mambo yalipokwama, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba mchapaji ameniharibia kazi. Niliandika hivyo kweli, tena bila kuhakikisha.

Leo tumekaa kuhakiki. Nikasoma mstari wa kwanza, Chebet akasimamisha vidole.

“Mwalimu, hiyo herufi ni eli ama ara?”

“Si nimesema eri!” nikamjibu kwa ukali.

Akacheka mpaka akashika meza. “Ati eri! Sasa mimi ningejuaje? Niliandika tu ile nilisikia.”

Mimi ni Mbukusu wa Kimilili. Ulimi wangu hubadilisha l na r bila kuniomba ruhusa, na miaka yote hii wanafunzi wakicheka darasani nimedhani wana furaha tu. Kumbe R zangu zote ziliingia kama L, na L zote kama R. Nyota yangu ilikuwa inaoza mbio na kumeza kwa uvivu.

Tukabadilisha vichwa vya safu hizo mbili, tukangoja dakika arobaini. Mchoro ukapanda, ukapita chuma, ukapita fedha, ukafika dhahabu. Nilimkumbatia Chebet na kumshukuru Mungu kwa sauti, wateja wote wakageuka.

Ikabaki ile barua pepe niliyomwandikia msimamizi. Nimemsomea Chebet barua ya pili aichape: kwamba nilimsingizia, kwamba kosa ni la ulimi wangu, kwamba bila yeye nisingekuwa na kitu cha kupeleka Bungoma. Aliposikia nilichokuwa nimesema juu yake, alisimamisha vidole tena. Akachapa karibu yote, kisha akanisukumia kibodi.

“Hapo kwa samahani, andika mwenyewe, Mwalimu.”

Nikaiandika. Kisha nikamgeukia nikamwambia yeye, maana ndiye niliyemkosea.