Sutikesi Yako Inayokula Santuri

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Fidel,

Hujambo huko Calgary? Baridi imeshaanza? Lynnette na watoto wazima? Huku sote wazima, na Mama anakula vizuri, ashukuriwe Mungu. Mgonjwa ni moyo wangu tu, na aliyeutia homa ni wewe.

Kinanda chako cha santuri kilifika. Loo! Kimeundwa kama sutikesi ya rangi ya waridi, vitasa vinameremeta, utadhani bibi harusi anahama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku ya kumbukumbu ya Baba, binamu yetu Felix, fundi wa kila kitu asiyejua chochote, akaitwaa ile santuri aliyoimba Baba na bendi yake ya Changamwe. Ni hiyo moja tu tuliyo nayo, wajua. Sindano ikawa yaruka. Felix akaweka sarafu ya shilingi ishirini juu ya mkono wa sindano, eti itulie. Ikalima! Ubeti wa mwisho sasa ni mikwaruzo mitupu.

Tena mashine yenyewe yaenda mbio, sauti ya Baba ikatoka nyembamba. Mama akauliza, "Huyo mtoto wa nani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikampelekea mzee Garama, fundi wa redio wa Kongowea. Aliitazama sutikesi yako kama samaki wa juzi. Akaniuzia mashine kuukuu, mbao zimebabuka, kwa bei ya viatu vya shule. Lakini mkono wa sindano una kipande cha uzito nyuma, wakizungusha kuupunguzia mzigo, sindano iguse tu, isichimbe. Sindano mpya, waya hadi redio ya Baba, basi. Wewe na usomi wako ulinunua rangi.

Jumapili baada ya kanisa nikaiwasha. Unakumbuka, kabla ya gitaa Baba huita, "Nyamvula!" Mama alikuwa anachambua mchicha. Akaitika, "Abee!" Akaweka ungo chini, akaenda mlangoni.

Alisimama pale mpaka mikwaruzo ikaanza. Na ule ubeti wa mwisho, Fidel, ndimo Baba alimomwambia anarudi.

Shangazi Gladys anakusalimu. Mwambie Lynnette nampenda. Felix hana salamu. Sutikesi yako naiwekea vitunguu.

Mungu akulinde, akupe na macho ya kuona ndani ya kitu.

Dada yako akupendaye, ijapokuwa leo kwa shida,
Rosalia